Kila miadi daktari mgeni: je, mama ahame kliniki?

"Daktari, habari za kazi. Mama yangu ana miaka 64, na huu ni mwaka wake wa tisa na kisukari cha aina ya pili. Anatibiwa kliniki ya hospitali ya kufundishia madaktari, na mimi ndiye ninayempeleka. Shida ni kwamba kila tukienda tunakuta daktari mwingine. Mmoja alimpandishia dawa ya sukari, metformini, kutoka miligramu 500 hadi 1000 asubuhi na jioni, tumbo likamvuruga. Aliyefuata akaishusha. Wa tatu akaipandisha tena kana kwamba hakuna kilichotokea, tumbo likavuruga tena, tukaomba irudishwe 500. Mwingine alimwongezea dawa ya pili ya sukari, glibenklamidi. HbA1c yake, kile kipimo cha sukari ya miezi iliyopita, imekuwa 8.9, kisha 9.1, kisha 8.8. Kuna usiku aliamka ametota jasho, anatetemeka, na tangu hapo kidonge cha jioni siku nyingine anakiruka. Kliniki hajasema, anadai hawezi kumweleza mtu asiyemjua mambo yake yote upya. Ndugu wananiambia nimtoe huko, kwamba mama anafanywa kitu cha kujifunzia. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, asante kwa barua yenye maelezo ya kutosha. Wengi huniandikia "sukari ya mama haishuki" na kuishia hapo, nami nabaki kubahatisha.

Kabla ya swali lako, nianze na jambo ulilolipitia haraka: ule usiku mama alipoamka ametota jasho. Hiyo inafanana kabisa na sukari iliyoshuka. Glibenklamidi huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama sukari wakati huo haiko juu, na kazi yake hudumu mwilini muda mrefu, zaidi figo zikiwa zimepungua nguvu. Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeandika kwamba dawa hii haiwafai waliovuka miaka 60, na mama amevuka. Kwa hiyo msingoje tarehe iliyo kwenye kadi. Mpeleke wiki hii, na mkifika mapokezi semeni wazi kwamba sukari yake inashuka usiku, wasije wakawapanga kwenye foleni ya miadi ya kawaida. Hadi aonwe, kile kidonge cha jioni cha glibenklamidi akiweke kando. Metformini aendelee nayo. Kama mna mashine ya kupimia, mpime kabla hajalala. Ikisoma chini ya 3.9, au chini ya 70 kwa mashine zinazosoma miligramu, mpe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vidogo vitatu au vinne vilivyokorogwa kwenye maji, kisha umpime tena baada ya dakika 15. Akiwa amechanganyikiwa au hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.

Sasa swali lenyewe.

Ndugu zako wanasema mama anafanywa kitu cha kujifunzia. Naelewa uchungu wao, ila hapo wamekosea. Daktari aliye mafunzoni si mwanafunzi aliyeachiwa mgonjwa ajaribu. Ameshamaliza shahada yake ya udaktari, na kazi yake iko chini ya daktari bingwa anayesimamia kliniki. Mambo mazito humpelekea yeye kabla ya kuamua. Mara nyingi ndiye anayeuliza maswali mengi kuliko bingwa, kwa sababu akitoka chumbani anakwenda kuulizwa yeye. Nimesimamia kliniki za namna hii, na nimeona kidonda kidogo katikati ya vidole vya mguu, ambacho mzoefu amekipita kwa kuwa mgonjwa "ni yule yule wa siku zote", kikigunduliwa na kijana aliyeambiwa kwamba hakuna mgonjwa wa kisukari anayetoka bila kuvua soksi. Jicho geni lina faida yake.

Kasoro iko kwenye kalenda. HbA1c hupima sukari iliyonata kwenye hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi siku kama 120, kwa hiyo namba unayosomewa leo ni kumbukumbu ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, wiki za karibuni zikiwa na uzito zaidi. Ukibadilisha dozi leo, jibu kamili unalipata baada ya miezi mitatu hivi. Na madaktari walio mafunzoni huzungushwa idara kwa idara, wengine kila mwezi, wengine kila baada ya miezi kadhaa. Siku jibu linaporudi, aliyebadilisha dozi yuko wodi ya upasuaji au ya watoto. Anayelipokea jibu siye aliyeuliza swali.

Hebu kaa kwenye kiti chake. Hajawahi kumwona mama. Faili ni nene na foleni nje ni ndefu. Anaona 9.1. Je, dozi ni ndogo? Au dozi inatosha ila haimezwi? Au mama aliugua kitu kingine katikati? Akiongeza dawa na sukari ikaporomoka, lawama ni yake; asipoongeza, leo hakuna atakayemuuliza. Basi anaandika "aendelee na dawa zilezile, arudi baada ya miezi mitatu", na atakayemfuata, naye mgeni, atawaza hivyohivyo. Mwaka 2001 Lawrence Phillips na wenzake waliielezea tabia hii kwenye jarida la Annals of Internal Medicine: tabibu anaona namba iko juu, anajua iko juu, na bado hachukui hatua. Haiko kwenye kliniki za mafunzo peke yake, lakini huko inapata rutuba. Kila daktari kivyake ametumia busara. Ukizijumlisha busara zao, mama amekaa karibu na 9 muda wote huo.

Na kukaa huko kunagharimu. Utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, ambao matokeo yake makuu yalichapishwa 1998, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa ukaribu zaidi kulipunguza madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho na figo, kwa asilimia 25. Wagonjwa hao waliendelea kufuatiliwa kwa miaka 10 mingine. Tofauti ya sukari kati ya makundi ilifutika ndani ya mwaka wa kwanza, lakini ripoti ya 2008 ilikuta waliodhibitiwa mapema bado wananufaika. Wale walikuwa wagonjwa waliogunduliwa karibuni, hivyo usizichukue namba hizo kuwa za mama. Zichukue kama sababu ya kutoridhika na "tuone miadi ijayo" kwa mara ya nne.

Turudi kwenye metformini, maana humo ndimo tatizo zima linaonekana. Daktari wa kwanza alikuwa sahihi: 500 mara mbili kwa siku ni dozi ndogo kwa sukari ya namna hiyo. Wa pili alikuwa sahihi: tumbo likivurugika, punguza. Wa tatu naye, kwa alichokiona kwenye faili, alikuwa sahihi, kwani aliona dozi ndogo na sukari ya juu. Kilichokosekana, naamini, ni maneno matano: ilishushwa kwa sababu ya tumbo. Angeyasoma, angepandisha polepole, miligramu 500 kila wiki, vidonge vikimezwa pamoja na chakula, au angempa aina inayoyeyuka taratibu ambayo tumbo huistahimili vizuri zaidi. Faili lilibeba dozi. Sababu ya dozi iliondoka na mtu.

Mwaka 2003 Jeannie Haggerty na wenzake waliandika kwenye jarida la BMJ kwamba mwendelezo wa huduma una sura tatu: mwendelezo wa taarifa, wa mpango wa tiba, na wa uhusiano kati ya mgonjwa na anayemtibu. Malalamiko mengi ninayoyapokea ni ya huo wa tatu, sura ngeni mlangoni, na kwenye kliniki ya mafunzo huo kweli ndio mgumu kuupata. Lakini ile miwili ya kwanza inawezekana hata madaktari wakibadilika, na kwa mama hiyo ndiyo iliyovunjika.

Sisemi uhusiano ni anasa. Tazama kilichotokea mama aliponyamaza. Daktari aliyesoma 8.8 alidhani anasoma sukari ya mtu anayemeza kila kidonge. Hakujua kuhusu jasho, hakujua kuhusu siku zinazorukwa. Angeweza kabisa kuongeza dawa nyingine juu ya hiyo, na siku mama angeamua kuzimeza zote kama alivyoandikiwa, angeshuka vibaya zaidi ya usiku ule. Mgonjwa husema jambo la namna hiyo kwa mtu anayemfahamu. Mwaka 2018 Denis Pereira Gray na wenzake walikusanya tafiti 22 kutoka nchi 9, na 18 kati ya hizo zilikuta vifo vichache zaidi kwa wagonjwa waliokuwa wakimwona daktari yuleyule. Ni tafiti za kuangalia tu, si za majaribio, na mgonjwa aliyezidiwa hupita kwa madaktari wengi kwa sababu tayari amezidiwa. Kwa hiyo nazipa uzito wa kiasi. Hazitoshi kunifanya nikuambie uhame kesho.

Nini kifanyike? Kwanza karatasi. Si daftari zima, karatasi moja ambayo daktari mgeni ataimaliza kabla hajakaa vizuri. Andika kila dawa, dozi yake, na kando yake sababu ya kila badiliko. Ya mama ingesomeka hivi: "Metformini 500 mara mbili. Ilipandishwa mara mbili hadi 1000, tumbo likavuruga zote mbili, ikashushwa. Glibenklamidi: alishtuka usiku na jasho na kutetemeka, tangu hapo haimezi kila siku." Chini yake weka HbA1c zote tatu na tarehe zake, kipimo cha mwisho cha figo, cha macho, cha miguu. Huo mstari wa kidonge kinachorukwa muombe mama ruhusa kabla ya kuuandika. Ni siri yake, na amekuamini wewe. Akikataa kusema kwa mdomo, huenda akakubali daktari asome.

Mstari wa mwisho ataujaza daktari, nao ndio ninaouthamini kuliko yote: "Lengo la mama ni hili. Kipimo kijacho ni tarehe hii. Kikiwa bado juu ya hapa, hatua itakayofuata ni hii." Ombeni msimamizi auone na auandike pia kwenye faili. Uamuzi ulioandikwa kwa "kikiwa hivi, fanya vile" haumhitaji aliyeufanya awepo. Daktari mpya akiukuta, haanzi kuhofia upya. Anatekeleza, au anaeleza kwa nini hatatekeleza. Sitashangaa mkigundua kwamba lengo la mama halijawahi kuandikwa popote. Kwa watu wazima wengi huwa HbA1c chini ya 7. Kwa mzee dhaifu, au ambaye sukari humshuka mara kwa mara, tunalegeza hadi karibu na 8. Mama anaangukia wapi ni mazungumzo ya ana kwa ana, baada ya kuangalia figo, moyo, na hilo la kushuka usiku. Hata dawa itakayochukua nafasi ya glibenklamidi inategemea hayo, kwa hiyo siitaji hapa.

Pili, tafuta wa kudumu. Madaktari walio mafunzoni si wa aina moja. Wapo wa mwaka wa kwanza wanaopita haraka, na wapo wanaosomea ubingwa, ambao katika hospitali nyingi hurudi kliniki ileile kwa miaka. Uliza tu: "Daktari, utakuwa kliniki hii hadi lini, na siku zako ni zipi?" Si utovu wa adabu, na wengi wao hufurahi kuulizwa, kwa sababu nao huudhika kubadilisha dozi wasijue iliishia wapi. Ukimpata, omba miadi ya mama ipangwe siku zake. Ukimkosa, omba siku ya msimamizi mmoja, jina lake liandikwe juu ya faili. Na usimsahau muuguzi wa kliniki ya kisukari. Mara nyingi yeye ndiye asiyehama, anamkumbuka mama kwa sura, na akikuambia "mama leo si kama siku zote" msikilize kabla ya kuisikiliza maabara.

Siku daktari wenu anapokaribia kuondoka ni siku ya hatari ndogo isiyotangazwa. Mipango iliyokuwa kichwani mwake huondoka naye, na vipimo vilivyoagizwa hurudi vikiwa na jina la mtu asiyekuwepo. Akiaga, muulizeni anamkabidhi mama kwa nani, majibu gani bado hayajatoka, na kama inawezekana miadi ya kwanza kwa mpya isogezwe karibu badala ya kungoja miezi mitatu.

Kuna jambo dogo la utaratibu linalookoa miadi nzima: damu ya HbA1c itolewe siku kadhaa kabla. Jibu likitoka baada ya mama kuondoka, litasomwa na mgeni mwingine miezi mitatu baadaye, na hapo limeshachacha. Ongezea kwamba upungufu wa damu na selimundu huweza kuipotosha namba hii. Ikiwa vipimo vya kidole nyumbani haviendani kabisa na HbA1c, waulize kama wingi wa damu yake umeangaliwa.

Vipimo vya kila mwaka ndivyo vinavyopotea kirahisi zaidi pale ambapo kila mmoja anadhani mwenzake alishafanya. Macho yapimwe kwa kuangalia ndani, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa. Mkojo upimwe protini ya albumini pamoja na damu ya figo. Miguu iguswe kwa ule uzi maalumu wa kupima ganzi. Mafuta kwenye damu. Presha ni kila ziara. Na kwa kuwa mama ametumia metformini kwa miaka, vitamini B12 pia. Ikipungua huleta ganzi ambayo watu huisingizia kisukari moja kwa moja.

Basi ahame au asihame? Daktari mmoja wa kudumu nje ya hospitali atampa mama kile anachokikosa zaidi, mtu wa kumwambia mambo yake. Kama mnaweza kumpata aliye tayari kumfuatilia kwa miaka, si kwa ziara moja moja, sitakuzuia. Lakini mtaacha vitu: maabara, macho, miguu na ushauri wa lishe vilivyo chini ya paa moja, pamoja na bingwa aliye karibu mambo yakichafuka. Na daktari mmoja naye husafiri, huugua, na huzoea namba mbaya ya mgonjwa wake hadi asiione. Mkihama, hameni na nakala za faili, la sivyo mama anaanza safari ya metformini kwa mara nyingine.

Njia ambayo siipendi kabisa ni ya katikati: kuendelea kliniki na papo hapo kwenda kwa daktari mwingine kimyakimya. Ninaona wagonjwa wanaomeza dawa mbili za kundi moja, kwa mfano glibenklamidi kutoka huku na gliklazidi kutoka kule, kila mwandikaji akiamini yuko peke yake. Mkilazimika kuwa na wawili, wote wajue, na mmoja tu ndiye abadilishe dawa za sukari.

Yapo yasiyongoja daktari yeyote, mgeni au mwenyeji. Sukari iliyokwama juu ya 16 hivi (kama 300 kwa mashine za miligramu) huku anatapika, ana kiu isiyokatika, analegea au anapumua kwa nguvu. Kidonda cha mguu, hata kisichouma, na hasa kisichouma. Kuona giza ghafla, kifua kubana, upande mmoja wa mwili kuishiwa nguvu. Hapo ni idara ya dharura siku ileile. Na akishuka sukari akiwa bado ametumia glibenklamidi, akapata nafuu baada ya maji ya sukari, bado apelekwe kuangaliwa, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumshusha tena saa kadhaa baadaye.

Ushauri wangu, basi, ni mbaki hapo kwa mizunguko miwili ya HbA1c, yaani kama miezi sita, mkiwa na karatasi, lengo lililoandikwa na jina la msimamizi. Baada ya dawa ya jioni kubadilishwa na mama kusema yaliyomsibu, natarajia namba ianze kusogea mzunguko wa kwanza. Kama miezi sita itapita bila mtu wa kliniki kuweza kukuambia lengo la mama ni lipi na hatua inayofuata ni ipi, omba rufaa na nakala za faili, umhamishe.